Biskuti za tangawizi na watoto, hatua kwa hatua (oveni iwepo isiwepo)

Shule zikishafungwa tu mwezi wa 12, simu yangu inaanza kujaa maswali yale yale. Dada zile biskuti za vijitu unazifanyaje? Mbona zangu zimeyeyuka zote zikaungana zikawa kama chapati moja? Tangawizi mbichi inafaa? Oveni sina, je niache tu? Na swali la akina mama wengi: nikianza na watoto jikoni si ndo siku nzima nadeki unga? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niyaweke yote sehemu moja, ukisoma hapa mpaka mwisho unaenda jikoni leo leo.

Kabla hatujaanza nikwambie kitu kimoja ambacho kingenisaidia sana mwanzoni. Kinachoharibu biskuti hizi watoto wakiwepo mara nyingi ni mambo mawili tu: unga wa kunyunyizia, na kunyanyua biskuti ambayo haijaiva. Mtoto donge likimnata mkononi anaongeza unga, likinata tena anaongeza, mpaka biskuti inatoka kavu inakwaruza koo. Afu akikata kamtu kake anataka akanyanyue kwa vidole, kichwa kinabaki mezani, analia. Ukizuia hayo mawili, na yanazuilika kirahisi kabisa nitakuonyesha, mengine yote madogo.

VITU VYA KUWA NAVYO

Hivi vinatoa biskuti kama 30 za ukubwa wa kiganja cha mtoto:

- Unga wa ngano mweupe wa kawaida, ule wa chapati, gramu 400 (vikombe 3 vya kupimia vya mililita 250). Usichukue ule ulioandikwa una bekingi pauda ndani tayari, vijitu vitavimba vipoteze shingo.
- Siagi au Blue Band gramu 125, yaani nusu ya kopo la gramu 250
- Sukari guru gramu 150, ikunwe au ipondwe. Wenzetu wa Kenya wanaiita sukari nguru, ni ile ile. Ukikosa kabisa tumia sukari ya brauni.
- Asali vijiko 4 vya chakula
- Yai 1
- Bekingi soda kijiko 1 cha chai, cha kusawazisha sio cha mlima
- Tangawizi ya unga vijiko 3 vya chai
- Mdalasini wa unga vijiko 2 vya chai
- Karafuu ya unga robo kijiko cha chai
- Chumvi nusu kijiko cha chai

Ya kupambia: sukari ya aisingi kikombe 1, ndimu au maziwa kidogo, na zabibu kavu za macho na vifungo.

Vyombo ni vile vile vya siku zote: sufuria moja kubwa kidogo, mwiko, chekecheo, kifimbo cha kusukumia chapati, trei, na bekingi pepa. Hii bekingi pepa naomba usiiruke, rola moja utatumia miezi na ndo itakayokuokoa kwenye yale mambo mawili niliyosema. Vikatio vya maumbo ukivipata sawa, vipo maduka ya vifaa vya keki, usipovipata chukua bilauri ukate duara, au kata kwa kisu cha mezani nyota, samaki, nyumba, chochote. Mtoto wa dada yangu hapendi vikatio, yeye anakata madaladala, mstatili na magurudumu mawili, na yanatoka vizuri kuliko vijitu maana hayana shingo ya kuvunjika.

Sasa maneno machache kuhusu viungo maana hapa ndo kuna ladha yenyewe.

Tangawizi tumia ya unga. Mbichi ina maji, donge linalegea na ukali wake unakuwa mwingine kabisa. Kama mbichi ndo unayo tu, ikwangue vizuri, weka kijiko kimoja cha chakula kwenye siagi wakati inayeyuka, afu donge lilaze friji usiku mzima. Ila mi nakushauri nunua tangawizi kavu sokoni, ile iliyokunjamana kama vidole vya bibi, uitwange kwenye kinu na kuichekecha. Harufu yake ya pakiti ya dukani haiifikii. Watoto wape watwange, hiyo ni kazi yao tosha ya nusu saa.

Karafuu nayo nunua nzima. Ukipata za Pemba kutoka kwa mtu anayetoka visiwani utanishukuru. Ipashe kidogo kwenye kikaango kikavu, dakika moja inatosha, ukisikia tu harufu imepanda ndo uitwange. Na kipimo ni ROBO kijiko. Najua karafuu tunaipenda lakini ikizidi inatia ganzi ulimi na mtoto hatogusa biskuti ya pili.

Kuna mapishi ya nje yanataka molasi. Usiende kununua molasi ya kuchanganyia chakula cha ng'ombe, ile haikutengenezwa kwa ajili ya watu. Sukari guru na asali vinakupa rangi ile ile ya kahawia na ladha nzito. Hizi biskuti zina asili ya Ulaya, Nuremberg kule Ujerumani wana za kwao maarufu wanaziita Lebkuchen, Sweden wana pepparkakor, na kila nchi imetumia utamu iliokuwa nao, wa asali au wa sukari. Sisi tuna sukari guru, tumshukuru Mungu.

Na onyo ambalo nataka ulisome mara mbili: bekingi soda sio magadi soda ya kutengenezea sabuni, na sio kostiki. Kuna maduka wanapima vitu hivi kwenye vifuko visivyo na maandishi vinafanana kabisa, vyeupe vyote. Kostiki inaunguza mdomo na koo la mtoto. Nunua yenye kopo au pakiti iliyoandikwa ni ya chakula, kama huna uhakika usitumie. Magadi yale ya mawe ya kulainishia maharage nayo hapana.

GAWA KAZI KABLA WATOTO HAWAJANAWA MIKONO

Ukiwaita jikoni bila kujua nani anafanya nini, wote watataka kikatio kimoja na hapo ndo vita inaanza. Mi nagawa hivi. Wa miaka 2 na 3 wanachekecha unga ndani ya beseni kubwa, wanabonyeza zabibu. Wa 4 mpaka 6 wanavunja yai (kwenye kikombe pembeni, sio moja kwa moja kwenye mchanganyiko, utatoa maganda mpaka jioni), wanakata maumbo. Wa 7 mpaka 9 wanapima viungo na kusukuma donge. Wa 10 kwenda juu anaweza kukoroga sufuria na wewe ukiwa pembeni. Trei ya moto ni yako peke yako, mtoto yeyote asiiguse.

Wape kazi ya kweli. Mtoto anajua kabisa akipewa kadonge pembeni cha kuchezea wakati wewe unafanya biskuti "za kweli", na atakuja kuparamia meza muda si mrefu. Akipima tangawizi yeye mwenyewe atakaa ameituliza mikono kama daktari.

Mambo mengine ya usalama: donge bichi lina yai bichi na unga mbichi, vyote vinaweza kuumiza tumbo, kwa hiyo kulamba vidole hapana, waambie mapema na uwawekee zabibu au vipande vya ndizi pembeni wawe wanatafuna. Mtoto chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa, hata ikiwa imeokwa ndani ya biskuti. Na karanga nzima usiwape wadogo wa chini ya miaka 5, zinapalia.

Ushauri wangu mwingine, donge lipike usiku watoto wakiwa bado macho lakini kazi ya kukata iwe kesho yake asubuhi. Kwanza donge linapata muda wa kupoa, pili watoto wanakuwa hawajachoka. Ukitaka kumaliza yote jioni moja saa 2 usiku utakuwa na donge laini, watoto wenye usingizi, na wewe hasira.

TUANZE

1. Yeyusha. Weka siagi, sukari guru na asali kwenye sufuria, moto mdogo kabisa, koroga na mwiko. Usiuache uchemke kwa nguvu, tunataka sukari guru iyeyuke tu isibaki na mabonge. Dakika 5 hadi 7 hivi. Sufuria isiwe ndogo, iwe na nafasi nusu nzima juu, sababu utaiona hatua inayofuata.

2. Epua, weka mbali na moto, sasa mwite kila mtoto asimame hatua moja nyuma ya meza aangalie. Nyunyiza bekingi soda na ukoroge haraka. Mchanganyiko unapanda! Unatoa povu, ile kahawia nyeusi inageuka rangi ya chai ya maziwa, inavimba mpaka karibu na ukingo afu inatulia taratibu na sauti kama soda iliyofunguliwa. Wanangu hii wanaisubiri kuliko hata kula, wa mwisho anashikilia mkono wa dada yake afu anasema "inapumua". Ila ni moto sana ule, sukari iliyoyeyuka ikimgusa mtu inang'ang'ania ngozi, ndo maana nasema hatua moja nyuma.

3. Acha ipoe. Hapa wengi wanakosea kwa haraka. Dakika 15 angalau, mpaka ukigusa sufuria kwa nje unahisi vuguvugu tu. Ukitia yai bado moto, yai linaiva humo humo unapata vipande vyeupe kama mayai ya kuvuruga. Wakati mnasubiri, wadogo wachekeche unga pamoja na tangawizi, mdalasini, karafuu na chumvi.

4. Ikishapoa piga yai, tia, koroga. Afu tia unga kwa mafungu matatu. Fungu la mwisho mwiko utakuwa mzito, endelea kwa mkono. LITAKUWA LAINI NA LINANATA, usishtuke, usiongeze unga. Nasema tena, usiongeze unga. Sasa hivi siagi bado ina joto ndo maana linalegea, likipoa linakaza lenyewe. Usikande kama chapati pia, ukishaona unga mkavu hauonekani tena inatosha, ukikanda sana biskuti zinakuwa ngumu na zinasinyaa kwenye oveni, kamtu kanatoka kafupi.

5. Gawa madonge mawili, yabonyeze yawe bapa kama andazi lililokaliwa, funga vizuri yasishike hewa, weka friji. Saa 1 ndo kiwango cha chini, usiku mzima ndo vizuri. Kama umetumia Blue Band iache zaidi maana yenyewe ni laini kuliko siagi, masaa 2 basi. Huna friji? Liweke ndani ya sufuria yenye mfuniko, sufuria uikalishe kwenye beseni la maji baridi sehemu yenye kivuli, na oka siku hiyo hiyo asubuhi, usililaze nje na yai bichi ndani.

6. Washa oveni nyuzi 180 kabla hujalitoa donge. Ipate dakika 15 za kupasha.

7. Kusukuma, sasa hapa ndo ile siri. Kata karatasi mbili za bekingi pepa za ukubwa wa trei. Weka donge moja katikati ya karatasi mbili kama sandwichi, afu mtoto asukume na kifimbo juu ya karatasi. Donge haligusi kifimbo, haligusi meza, haligusi mikono, basi hakuna sababu ya unga wa kunyunyizia hata chembe. Likiwa gumu sana limetoka friji libonyeze bonyeze kwanza kwa kifimbo dakika mbili tatu. Unene ni nusu sentimita na kidogo. Watoto hawaelewi nusu sentimita, mi naweka penseli mbili kushoto na kulia kwa donge, kifimbo kikitembea juu ya penseli basi unene umelingana pande zote. Hii ni muhimu maana nyembamba zinaungua wakati nene hazijaiva.

8. Bandua karatasi ya juu. Mtoto achovye kikatio kwenye unga kidogo, akung'ute, abonyeze moja kwa moja chini. Asizungushe. Wa kwangu alikuwa anakisokota kikatio kama anafunga bomba, kila kamtu kanatoka mguu mmoja umepinda, mpaka nilipomwekea mkono wangu juu ya wake tukabonyeza wote, tukahesabu mpaka tatu, tukanyanyua. Siku hizi anahesabu mwenyewe kwa sauti. Aanzie pembeni kuja katikati, na aache nafasi ya vidole viwili kati ya biskuti na biskuti.

9. Na sasa USINYANYUE BISKUTI. Ondoa mabaki yanayozunguka, biskuti ziache pale pale zilipo juu ya karatasi, afu wewe mkubwa chukua karatasi nzima uitelezeshe kwenye trei. Kichwa kipo, miguu ipo, hakuna anayelia. Kama donge limeanza kulegea na mabaki hayatoki vizuri, weka trei nzima na kila kitu friza dakika 10 urudi. Mabaki yakusanye, yarudishe friji, yasukumwe tena. Mzunguko wa tatu biskuti zinaanza kuwa ngumu kidogo, hizo tengeni za kuchovya kwenye chai.

10. Zabibu za macho zibonyezwe sasa kabla ya kuoka. Mkitaka kuzitundika, toboa tundu juu ya kichwa kwa mrija wa soda, sio kijiti chembamba maana tundu dogo linajiziba.

11. Oka dakika 10 hadi 12. Geuza trei katikati ya muda kama oveni yako ina upande unaounguza, na nyingi zinao. Sasa sikiliza, hili ni la muhimu kuliko yote kwenye kuoka: zinatoka LAINI. Ukingo ukiwa umeshika rangi kidogo, katikati ukibonyeza kwa kidole bado panabonyea, toa. Zinakazika zikipoa. Watu wengi sana wanasubiri zikauke ndani ya oveni, wanazitoa zikipoa ni mawe, afu wanasema risipi mbaya.

12. Ziache kwenye trei dakika 10 bila kuzigusa, afu hamishia kwenye waya au ungo. Zipoe KABISA kabla ya kupamba.

KAMA HUNA OVENI

Inawezekana kabisa, bibi zetu walioka mikate ya kumimina na keki kwa kupalia makaa na biskuti nazo zinakubali, ila utaoka chache chache.

Chukua sufuria kubwa nzito, ile ya zamani usiyoionea huruma, mwaga mchanga mkavu chini kama vidole viwili. Uwe mkavu kweli, uanike juani kwanza, mchanga wenye maji unatoa mvuke na biskuti zinachemka badala ya kuoka. Weka vijiwe vitatu juu ya mchanga kama mafiga. Funika, pasha kwenye moto wa kati dakika 15. Biskuti zipange kwenye sahani ya bati yenye bekingi pepa, karatasi isitokeze nje ya sahani. Iteremshe juu ya vijiwe, funika, weka makaa machache juu ya mfuniko, machache nasema, kama sita saba. Makaa ya chini punguza. Moto wa juu ndo unatoa rangi, wa chini ukizidi zinaungua tako huku juu bado nyeupe. Anza kuangalia dakika ya 12, zinaweza kufika 18. Sahani ya kwanza iwe ya kujaribia, weka biskuti mbili tu, ujue jiko lako likoje.

Jiko la mkaa liwe nje au barazani penye hewa, usilifungie ndani na watoto hata kama mvua inanyesha. Hewa ya sumu ya mkaa inaua bila hata kuiona. Watoto wakae mbali na mfuniko wenye makaa, chora mstari chini kwa chaki, wanauheshimu mstari kuliko maneno.

Jiko la gesi unafanya vile vile na mchanga, moto mdogo kabisa, mfuniko mzito, ila juu hazitapata rangi sana. Ladha iko pale pale.

KUPAMBA

Sukari ya aisingi kikombe 1, maji ya ndimu kijiko 1 cha chakula, afu maji au maziwa tone kwa tone. Tone kwa tone kweli, maana inaenda kutoka nzito mpaka maji maji ndani ya sekunde. Unyanyue kijiko, ule uzi unaodondoka ukae juu kama hesabu ya kumi kabla ya kuzama, hapo sawa. Wengi wanatumia ute wa yai, mi kwa watoto naacha, ute ni mbichi. Huna aisingi? Saga sukari nyeupe kavu kwenye blenda kavu, chekecha mara mbili, haiwi laini kabisa lakini inachora.

Kuchora, kunja bekingi pepa iwe kama koni ya bisi, tia aisingi isizidi nusu, kunja juu, kata ncha ndogo sana. Mtoto mdogo usimpe koni, itatokea juu imwagike yote, mpe kijiti cha mshikaki kilichokatwa ncha achovye na kuchora. Wapange wakae, kila mmoja biskuti zake tano mbele yake, na usiwasahihishe. Macho matatu ni sawa. Kamtu ka bluu ni sawa. Mwaka juzi niliwarekebishia vizuri zipendeze kwa picha, mkubwa akaniuliza "kwa hiyo yangu ipi?", sijarudia tena.

ZIKIGOMA

Zimesambaa zikaungana: donge lilikuwa la moto, au oveni ilikuwa haijapata joto. Trei inayofuata weka friza dakika 15 kabla ya kuoka. Angalia pia hukuweka bekingi soda kijiko cha mlima.

Ngumu kama jiwe: umeoka sana au umeongeza unga. Usitupe. Ziweke kwenye kopo pamoja na kipande cha mkate au tunda la epo siku moja, zinalainika. Za kushindikana kabisa zisage, changanya na siagi iliyoyeyuka, weka chini ya kitindamlo cha maziwa.

Donge linapasuka pasuka ukisukuma: limekauka au bado lina baridi sana. Subiri dakika 10, likigoma bado loanisha mikono kwa maziwa ulikande kidogo. Mayai ya kienyeji madogo yanaleta sana hii.

Ladha ya sabuni au uchungu: bekingi soda imezidi au haikuchanganyika. Hizo hamna dawa, pole, anza upya na safari hii ichekeche soda kabla ya kuitia.

Hazina ladha ya tangawizi: unga wa tangawizi ni wa zamani. Kopo ukilifungua lisipokupiga puani usilitumie. Na zionje tena kesho, viungo vinakolea siku ya pili na ya tatu, mi naoka tarehe 22 kwa ajili ya 25.

Umeme umekatika katikati ya kuoka: angalia kwanza zimekaa muda gani. Kama zilishapita dakika 6 usifungue oveni hata kidogo, joto lililobaki litazimalizia, ziache humo dakika 15 au 20. Kama ndo kwanza zimeingia zitoe, ziweke friji iliyofungwa, umeme ukirudi anza kupasha oveni upya.

Aisingi haikauki: huku pwani hewa ina unyevu, siku ya mvua unaweza kusubiri mpaka kesho. Washa feni izipulizie, panga biskuti bila kubebana, na usizifungie kwenye kopo mpaka ukigusa kwa kidole isishike.

Zimelegea baada ya siku mbili: kopo linapitisha hewa. Zisizo na aisingi zirudishe oveni nyuzi 150 kwa dakika 5, zipoe, afu weka kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana na vijiko viwili vya mchele mkavu uliofungwa kwenye kitambaa chini yake. Zinakaa wiki mbili hadi tatu hivyo, kama kopo umeliweka juu ya kabati wasikofikia.